Kupakua Magunia Bila Kuharibu Migongo: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Maghala

Lori lenye tani 30 za saruji linapoegesha mlangoni mwa ghala alfajiri, msimamizi huwa na swali moja kichwani: litakuwa tupu saa ngapi? Mwongozo huu unamwomba aongeze swali la pili, yaani kila mfuko utainuliwa mara ngapi, kutoka kimo gani na kupelekwa kimo gani, kabla haujatulia mahali pake. Tani 30 ni mifuko 600 ya kilo 50. Makuli wanne wakigawana sawasawa, kila mmoja anabeba mifuko 150, ambayo ni tani saba na nusu. Kama mifuko hiyo inatuliwa kwanza sakafuni karibu na mlango, kisha inainuliwa tena ili ipangwe, kila mmoja atakuwa ameinua tani 15 kabla ya chakula cha mchana, na nusu ya tani hizo haikuwa na sababu yoyote ya kuinuliwa.

Majeraha yanayozungumziwa hapa si ya kuangukiwa na mzigo wala ya kuteleza kwenye ubao, ingawa hayo nayo yapo na yanaua. Ni yale yanayotokana na mwili kutumikishwa kupita uwezo wake katika kuinua, kutua, kubeba, kusukuma na kuvuta: kiuno kinachokamata ghafla, misuli iliyochanika, kano za bega zilizovimba, goti lisilokunjika, na ngiri inayojitokeza kwenye kinena. Mengi kati ya majeraha haya hayana siku ya kuzaliwa. Kuli hukumbuka gunia lililomlaza, lakini gunia hilo mara nyingi ni la mwisho tu kati ya maelfu yaliyolitangulia, na ndiyo sababu msimamizi anayechunguza tukio la siku moja peke yake hataona chanzo.

Nieleze msimamo wangu mapema, kwa sababu mpangilio wa mwongozo wote unatokana nao. Mabango mengi ya usalama kazini huonyesha mtu aliyekunja magoti na kunyoosha mgongo huku amekumbatia boksi dogo, safi, lenye pembe nne. Picha hiyo si ya uongo, ila inamtwisha kuli wajibu ambao kwa sehemu kubwa ni wa mwenye ghala. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali kuhusu mafunzo ya kuinua mizigo zimeonyesha kwamba mafunzo hayo yakitolewa peke yake, bila kubadilisha mzigo, kimo na kasi ya kazi, hayapunguzi maumivu ya mgongo kwa kiwango cha kutegemewa. Kwa hiyo hapa tutaanza na gunia, tufuate na sakafu na saa, na namna ya kushika mzigo itakuja karibu na mwisho.

Mgongo ni wenzo usio na faida

Anayekumbuka somo la wenzo la shuleni ataelewa jambo hili upesi. Mtu anapoinama na kushika mzigo mbele yake, egemeo liko kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, karibu na usawa wa mfupa wa nyonga. Mzigo uko mbali na egemeo hilo, ilhali misuli inayouzuia mwili usianguke mbele iko nyuma yake kwa umbali wa takribani sentimita 5 tu. Mzigo wa kilo 20 ulioshikwa sentimita 50 mbele ya egemeo huilazimu misuli hiyo kuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200, na hapo hatujahesabu kifua, kichwa na mikono, ambavyo navyo vimening'inia mbele. Nguvu hiyo yote hushuka kwenye visahani laini vilivyo kati ya pingili. Mzigo huohuo ukivutwa karibu hadi sentimita 25, mzigo wa misuli hupungua kwa nusu, bila gunia kupunguzwa hata punje moja.

Visahani hivyo vina tabia nyingine ambayo wanaofanya kazi sokoni wangepaswa kuifahamu kuliko watu wengine. Usiku, mtu akiwa amelala, hunyonya maji na kuvimba kidogo, kiasi kwamba mtu huamka akiwa mrefu kidogo kuliko alivyolala. Katika saa ya kwanza au mbili baada ya kuamka, kuinama kunavibana zaidi kuliko kuinama kulekule kungefanywa saa nne asubuhi. Maghala na masoko yetu ya jumla hufunguliwa kabla ya jua, na magunia mazito mara nyingi huanza kushushwa saa hizohizo za mwanzo. Hali ya utingo ni mbaya zaidi: amekaa kwenye kiti kinachotikisika usiku kucha kutoka Mbeya au Songea, lori likisimama tu anaruka chini na kuanza kupakua. Dakika 15 za kutembea, kufungua turubai na kuandaa paleti, yaani majukwaa madogo ya mbao ya kupangia mizigo, kabla ya gunia la kwanza si uvivu.

Kwanza pima na uhesabu

Chukua daftari, futi ya kupimia na mizani, kisha usimame ghalani kwa siku moja nzima bila kumkemea mtu yeyote. Andika uzito halisi wa kila aina ya mzigo, maana uzito ulioandikwa hauaminiki kila mara. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 15 ni mfano mzuri, kwani kilo 15 ni za gesi peke yake, na chuma chenyewe huongeza uzito unaokaribia huo. Gunia la nafaka iliyonyeshewa nalo ni zito kuliko lilivyopimwa shambani. Andika mikono iko kimo gani mzigo unaposhikwa na kimo gani unapotuliwa. Andika umbali kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi mikononi. Andika kama mwili unajipinda, kama mzigo una mahali pa kushika, ni mizigo mingapi kwa dakika, na kazi hiyo inaendelea kwa saa ngapi.

Vipimo hivyo havikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni vilevile vinavyotumiwa na NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya kuinua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991. Kanuni hiyo huanza na kilo 23, uzito unaoonekana kufaa pale kila kitu kinapokuwa sawa: mzigo uko karibu na mwili, mikono iko sentimita 75 kutoka sakafuni, hakuna kujipinda, vishikio ni vizuri, na kazi si ya mfululizo. Kila kasoro hupunguza kilo hizo kwa kuzizidisha na namba iliyo chini ya moja.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Kuli anainua mfuko kutoka sakafuni, mikono ikiwa sentimita 15 juu ya sakafu na sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu. Anaupandisha hadi sentimita 100 huku mwili ukijipinda nyuzi 45. Anafanya hivyo mara moja kwa dakika kwa zaidi ya saa mbili, na mfuko hauna vishikio. Umbali wa mbele unatupa 25 kugawanya kwa 40, sawa na 0.625. Kimo cha chini kinatupa 0.82, safari ya kupanda 0.87, kujipinda 0.86, kasi na muda 0.75, na ukosefu wa vishikio 0.90. Zidisha zote na 23, utapata takribani kilo 6. Hizo ndizo kilo zinazopendekezwa kwa kazi hiyo, na mfuko wa saruji una kilo 50.

Sasa mwache mtu yuleyule na kasi ileile, lakini weka mfuko juu ya rundo la paleti ili mikono ianzie sentimita 75, msogeze mtu hadi umbali uwe sentimita 30, mwelekeze uso kwenye mzigo ili asijipinde, na safari ya kupanda isizidi sentimita 25. Jibu linakuwa karibu kilo 13, yaani zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Ni kweli kilo 13 bado ziko mbali na 50, na hilo linatuambia kwamba mfuko wa saruji haukupaswa kuinuliwa mfululizo na mtu mmoja hata katika mazingira mazuri. Lakini hesabu hiyo inaonyesha pia mahali ambapo nafuu ya haraka ilipo: katika paleti chache na mita moja ya nafasi ya kugeukia. Ieleweke kwamba kanuni hii ni ya kuinua kwa mikono miwili mtu akiwa amesimama. Haipimi mzigo uliokwisha kutwishwa begani au kichwani, ambao una mambo yake.

Anayetaka kipimo cha haraka bila hesabu anaweza kutumia takwimu za mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza. Mzigo ulio karibu na mwili, katika usawa wa kiuno, ukizidi kilo 25 kwa mwanamume au 16 kwa mwanamke, kazi inahitaji kuchunguzwa kwa undani. Mzigo ulio karibu na sakafu hufikia hatua hiyo kwa kilo 10 kwa mwanamume na 7 kwa mwanamke. Hizi si ruhusa wala mipaka ya kisheria. Ni kengele ya kumwambia msimamizi asimame na kutazama.

Gunia lenyewe

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi hadi likafungwa kilemba juu ya mdomo wake, ni tatizo la mkulima, kwa sababu hulipwa gunia moja kwa mazao ya gunia moja na nusu. Hatusikii mara nyingi kwamba ni tatizo la kuli pia. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Kenya ilipitisha kanuni za viazi mwaka 2019 zinazoweka ukomo wa kilo 50 kwa gunia. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja usipaswe kukizidi. Gunia halali la kilo 100, bila lumbesa yoyote, limekwisha kukipita kiwango hicho kwa karibu maradufu. Kwa hiyo mwenye ghala asijifariji kwamba sheria ya vipimo imemkinga kuli wake. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya haki ya mnunuzi na muuzaji.

Hatua ya kwanza ni kukataa kupokea mzigo uliofungwa kilemba, na kumwambia msambazaji hivyo kabla hajapakia, si lori likiwa limeshafika. Hatua ya pili ni kuagiza ufungashaji mdogo pale unapopatikana: mchele, sukari, unga na chakula cha mifugo hupatikana katika mifuko ya kilo 25, na tofauti ya bei ya mfuko ni ndogo ikilinganishwa na siku za kazi zinazopotea.

Hapa ndipo wasimamizi wengi huanguka, nami niliwahi kuanguka vilevile. Makuli hulipwa kwa gunia. Ukileta mifuko ya kilo 25 na kulipia kila mmoja nusu ya malipo ya mfuko wa kilo 50, kuli hatabeba mfuko mmoja. Ataweka miwili begani, wakati mwingine mitatu, kwa kuwa safari ndiyo inayomchosha na kumpotezea muda, na kipato chake kinategemea safari chache. Katika ghala nililosimamia tuliiona hali hiyo ndani ya wiki ya kwanza, tukadhani makuli ni wakaidi. Hawakuwa wakaidi, walikuwa wamepiga hesabu vizuri kuliko sisi. Tulipohamia kwenye malipo ya tani kwa kikundi kizima, tukaleta na toroli mbili, sababu ya kubeba mifuko miwili miwili ikatoweka. Malipo ya mtu mmoja mmoja kwa kila gunia humfanya kuli ashindane na mwenzake kwa mgongo wake mwenyewe, na hakuna bango la usalama litakaloshinda mashindano hayo.

Kimo, umbali na magurudumu

Sakafu ya lori iko takribani kwenye kifua cha mtu aliyesimama chini. Kimo hicho ni neema ambayo maghala mengi huipoteza. Makuli wazoefu huitumia vizuri: wawili hubaki juu ya lori na kulisogeza gunia hadi ukingoni, na wa chini hugeuka akalipokea begani au mgongoni bila kuinama kabisa. Ugumu huanza mwisho wa safari, anapolitua sakafuni, au pale mtu mwingine anapolazimika kuliinua tena. Basi lengo la mpangilio wa ghala ni kuhakikisha kwamba kilichokwisha kuwa juu hakishuki chini hadi siku ya kuuzwa. Jukwaa la zege lenye kimo cha lori ndilo suluhisho kamili. Asiye na uwezo wa kulijenga anaweza kutengeneza meza imara ya mbao au kurundika paleti tupu karibu na mlango, kisha magunia yakatoka hapo kwenda kwenye toroli.

Tabaka la chini la mrundiko lisiwekwe kwenye sakafu tupu. Wenye nafaka huweka paleti kwa sababu ya unyevu, na paleti hiyohiyo hupandisha mikono ya anayeinua. Bidhaa zinazotoka kila siku zikae kati ya kimo cha goti na cha bega, na zile za nadra ziwe juu au chini. Mrundiko unaozidi bega usipangwe kwa kurusha. Panga magunia kwa ngazi ili mbebaji apande nayo na kutua mzigo usawa wa kiuno chake, au tumia mashine ya kupandishia. Kurusha gunia juu kwa kuhesabu "moja, mbili, tatu" hufurahisha kutazama, lakini ndiko kunakochana bega.

Kuhusu magurudumu, sitasema mengi juu ya forklifti, kwani mwenye nayo anajua faida yake na anapaswa kuhangaikia zaidi dereva aliyefunzwa. Toroli ya mkono ya magurudumu mawili, ile ya kubebea kreti za soda, ndiyo inayobadilisha maisha ya ghala dogo kwa gharama ndogo. Isukumwe badala ya kuvutwa, kwa kuwa anayesukuma hutumia uzito wa mwili wake na kuona aendako, ilhali anayevuta hupinda bega nyuma na kuhatarisha visigino vyake. Ikihitaji nguvu kubwa kuanza kutembea, tafuta kosa kabla ya kuongeza mtu: tairi lisilo na upepo, beringi iliyokauka mafuta, ufa kwenye sakafu, au kizingiti cha mlango ambacho ndoo moja ya saruji ingekisawazisha.

Mkokoteni unahitaji uangalifu wa aina yake. Mzigo ukirundikwa mbele ya ekseli, mipini hushuka na mvutaji hubeba sehemu ya mzigo kwa mikono yake safari nzima. Ukirundikwa nyuma, mipini humnyanyua, na kwenye mteremko anaweza kushindwa kuusimamisha. Mzito ukae juu ya ekseli, na kabla ya kuondoka mipini ijaribiwe kwa mkono mmoja: inapaswa kutulia karibu na kiuno bila kushindana na mtu. Kwenye kilima, awepo msukumaji nyuma na jiwe au kabari ya kuzuia gurudumu pale wanapopumzika.

Mwendo wa kazi

Misuli iliyochoka hupoteza ustadi kabla haijapoteza nguvu. Kuli katika saa ya tano ya kazi bado anaweza kuinua gunia, lakini huliinua kwa kulinyakua, huku miguu ikiwa vibaya. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara hufaa kuliko pumziko moja refu la mchana, na ni afadhali msimamizi ayapange mwenyewe, kwani anayelipwa kwa kazi hataomba. Wabadilishane nafasi kila baada ya muda: aliyekuwa akibeba apande lorini kusogeza, aliyekuwa lorini ahamie kwenye kupanga au kuhesabu.

Chini ya paa la bati, joto ni sehemu ya mzigo. Mapendekezo ya kawaida kwa kazi nzito kwenye joto ni kikombe kimoja cha maji, yaani robo lita, kila baada ya dakika 15 au 20, bila kusubiri kiu. Pipa la maji safi liwekwe mahali pa kazi, si ofisini. Mjamzito aondolewe kabisa kwenye kuinua: viungo vyake hulegea na tumbo humlazimu kushika mzigo mbali na mwili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto.

Namna ya kuinua na kutwishana

Baada ya hayo yote, ustadi wa mwili una nafasi yake. Kabla ya kuinua, kuli aujaribu mzigo kwa kuutikisa upande mmoja, na ajue njia atakayopita na mahali atakapoutua. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo. Gunia lililolala lisimamishwe kwanza, livutwe hadi liguse mapaja, kisha linyanyuliwe kwa miguu likiwa limekumbatiwa, kwa mwendo mmoja usio wa kunyakua. Anapotaka kugeuka, ageuze nyayo, asipinde kiuno huku nyayo zimebaki. Kuinama na kujipinda kwa wakati mmoja ndiko kunakoumiza zaidi.

Wawili wakibeba pamoja, wasidhani uwezo umeongezeka maradufu. Kwa makadirio yanayotumika Uingereza, watu wawili huweza takribani theluthi mbili ya jumla ya uwezo wao, na watatu nusu yake, kwa sababu kila mmoja humbana mwenzake na mzigo hauinuki kwa wakati mmoja. Walingane kimo, na mmoja tu ndiye atoe amri.

Mzigo wa begani na kichwani ukishatulia hukaa karibu na mhimili wa mwili, na hiyo ni faida yake. Hatari iko mwanzoni na mwishoni. Mtu asijitwike mwenyewe gunia kutoka chini: atwishwe na wawili, na mwisho wa safari atuliwe na wawili au aegeshe mzigo kwenye kimo cha bega lake. Ngata nene kichwani hutawanya uzito, lakini shingo bado hubeba kila kilo. Kaulimbiu ya "kumtua mama ndoo kichwani" ilihusu maji, na ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kuli wa sokoni hutwishwa mara nne au tano ya hiyo, na hajapata kaulimbiu yake.

Mkanda wa kiuno huulizwa mara nyingi. NIOSH iliupitia ushahidi mwaka 1994 na kuhitimisha kwamba hautoshi kuonyesha kuwa mkanda humkinga mtu mwenye afya asiumie. Anayependa kufunga afunge, mradi msimamizi asiuchukulie kuwa ni sababu ya kuongeza gunia.

Mtu akiumia

Maumivu yakitokea ghafla, kazi ya kuinua isimame siku hiyo. Kumeza dawa ya maumivu na kurudi kwenye lori ni kuzima kengele huku moto unaendelea, na ndivyo msuli uliochanika kidogo unavyochanika kabisa. Wakati huohuo, kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Maumivu mengi ya kiuno hupungua ndani ya wiki chache mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi anazozimudu. Msimamizi awe na kazi hizo tayari: kuhesabu, kushona midomo ya magunia, kupima.

Dalili zifuatazo hazingoji mchuaji wala kesho: ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo kukataa kutoka au kujitokea wenyewe, kushindwa kuzuia haja kubwa, na mguu mmoja au yote miwili kuishiwa nguvu. Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zinabanwa, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Ngiri iliyovimba, ikawa ngumu, ikauma na kukataa kurudi ndani, hasa ikifuatana na kutapika, nayo ni ya dharura. Kuisukuma kwa nguvu ni hatari.

Tukio liandikwe siku ileile: saa, aina ya mzigo, uzito, kimo, na walioshuhudia. Maumivu ya mgongo hayaonekani kwa macho, hivyo maandishi ya mapema ndiyo ushahidi. Nchini Tanzania madai hupelekwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na taarifa isichelewe kupita miezi 12. Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa kifupi kama WIBA, humtaka mwajiri amjulishe Mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari, na ndani ya saa 24 kama ni kifo.

Daftari hilo lisifungiwe kwenye droo baada ya fomu kujazwa. Kila mwisho wa mwezi lisomwe pamoja na makuli wenyewe, likiandikwa pia malalamiko madogo ambayo hayakumpeleka mtu hospitali: bega linalowaka, ganzi ya vidole, kiuno cha asubuhi. Malalamiko matatu yakitoka kwenye kona moja ya ghala, au kwenye mzigo wa msambazaji mmoja, rudi hapo na futi yako na mizani, upime upya kimo, umbali na uzito, kabla lori linalofuata halijafunguliwa turubai.